Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lugha za Kigeni, Riziki na Deni la Nyumbani

Kila mwaka, siku za kuchagua fani zinapowadia, wanafunzi wa lugha katika vyuo vikuu vya Oman ya ndani huwajia walimu wao na swali lile lile: lugha hii nikiisoma itanipa kazi gani? Huliuliza mbele ya Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na hulisindikiza na hesabu za nyumbani: baba amekaribia kustaafu, wadogo bado wako skuli, na binamu aliyemaliza uhandisi bado anangojea kuitwa kazini. Wapo wenzangu katika taaluma wanaolikunjia uso swali hili. Huona kwamba anayeuliza mshahara kabla ya kufungua kitabu cha sarufi amekwisha kuivunjia elimu heshima yake. Mimi siwaungi mkono. Anayekula kwa mkono wa baba yake ana haki ya kujua ni lini ataanza kula kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo, naona kwamba swali hilo huulizwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo yenye uzito wa kimaadili. Nusu hiyo ni hii: lugha itakayonipa kazi itanidai nini, na ni nani atakayelipa?

Nitalijadili jambo hili nikiwa nimesimama Adam. Mji huu uko kusini mwa Nizwa, mahali ambapo mitende hukoma na jangwa likaanza, kando ya barabara kuu iendayo Haima hadi Salalah. Kwa msomaji wa Kiswahili, Adam haiko mbali kama ramani inavyodai. Hapa ndipo alipozaliwa Ahmad bin Said, aliyechaguliwa kuwa imamu katikati ya karne ya 18 na kuasisi utawala wa Al Busaidi. Mjukuu wake, Said bin Sultan, ndiye aliyehamishia makao yake Unguja, na uzao wake ukaendelea kukikalia kiti huko hadi Januari 1964. Nyuma ya watawala walikwenda watu wa kawaida: wakulima, wachuuzi, maulamaa na vijana waliokimbia ukame, kutoka Dakhiliyah na Sharqiyah. Wakafika mwambao wa Afrika, wakapenya bara, wakaoa, wakazaa, wakazika. Na hata leo, katika baadhi ya nyumba baina ya Nizwa na Ibra, bibi humwita mjukuu wake kwa Kiswahili, mjukuu humwitikia kwa Kiarabu, na wote wawili huelewana bila ya mkalimani.

Nyumba ya namna hiyo ni mahali pazuri pa kuuliza maana ya maneno mawili tunayoyatumia chuoni kana kwamba maana yake iko wazi: lugha ya kigeni. Unguja iko taasisi iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inayojulikana kwa kifupi kama TAKILUKI. Jina lake kamili ni Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni. Upande mmoja wa kile kiungo “na” kimekaa Kiswahili peke yake. Upande wa pili zimekaa lugha nyingine zote, Kiarabu kikiwamo. Sasa mwanafunzi wa Adam aingie Chuo Kikuu cha Nizwa, kilichofunguliwa mwaka 2004, aende kwenye idara yake ya lugha za kigeni. Hapo Kiarabu ni mwenyeji, na Kiswahili, kikitajwa, hakina budi kuhesabiwa miongoni mwa wageni. Bibi na mjukuu wanaokula sinia moja wamegawanywa na orodha mbili. Lugha zenyewe hazikubadilika. Aliyebadilika ni mwandishi wa orodha, na mahali alipoketi alipokuwa akiiandika.

Basi ugeni si sifa iliyomo ndani ya lugha, kama vile chumvi ilivyo sifa ya maji ya bahari. Ni uhusiano baina ya lugha na wale wanaoitazama. Nadai kwamba thamani ya lugha sokoni nayo ni vivyo hivyo, na historia ya nyumba zile zile inaweza kulithibitisha dai hili.

Kabla ya mwaka 1970, Oman ilikuwa na skuli tatu tu za mtindo wa kisasa, na zote zilikuwa za wavulana. Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 na kuwaita raia waliokuwa nje warejee kuijenga nchi, waliotoka Afrika ya Mashariki walirudi na kitu ambacho dola changa ilikuwa na njaa nacho: vyeti vya skuli na Kiingereza. Wakawa walimu, makarani, wauguzi, mafundi na maofisa, serikalini na katika sekta ya mafuta. Kiingereza walichofundishwa na ukoloni wa Mwingereza huko walikotoka kiliwafungulia milango katika nchi ya mababu zao. Lakini Kiarabu chao kilichekwa, na Kiswahili chao kikachukuliwa kuwa ni ushahidi kwamba wao si wa hapa kikamilifu. Watu wa kabila moja na ukoo mmoja na waliobaki wakaitwa “Wazanzibari”. Wapo wazazi waliowaambia watoto wao wasiseme Kiswahili mbele za watu. Walisema hivyo kwa upendo, kwani walitaka watoto wapite pale ambapo wao walikwama.

Tuwe waangalifu kabla ya kuwahukumu. Methali ya haraka iko tayari: mwacha asili ni mtumwa. Lakini kwa familia ya Adam iliyokaa Unguja vizazi vitatu, asili ni ipi? Ni Kiarabu walichokiacha walipovuka bahari, au ni Kiswahili walichokiacha waliporudi? Methali inadhani kwamba kila mtu ana mzizi mmoja na kwamba mzizi huo unajulikana. Wenye mizizi miwili haiwasaidii. Isitoshe, anayependa kuwasomea wenzake methali hii kwa kawaida huwa amekwisha kupata mshahara, na mara nyingi ameupata kwa lugha ya kigeni. Ninayeandika haya nina shahada ya uzamivu niliyoisomea ughaibuni, kwa hiyo sina mimbari ya kuwalaumia.

Jambo ninalotaka tuliangalie katika kisa hicho ni jingine. Riziki ililetwa na lugha moja, yaani Kiingereza. Bei yake ililipwa kwa lugha nyingine, yaani Kiswahili. Na sehemu kubwa ya bei hiyo waliilipa wajukuu, ambao hawakuwapo mapatano yalipofanyika. Mjukuu anayeelewa maneno ya bibi yake lakini hawezi kumjibu kwa lugha ile ile hakuchagua hali hiyo. Yeye amekuta hesabu imekwisha kufungwa. Hapa ndipo swali la kazi linapogeuka kuwa swali la maadili. Kujifunza lugha kwa ajili ya riziki hakuna ubaya wowote. Ubaya huingia pale tunapolipa kwa mali isiyokuwa yetu peke yetu.

Msomaji ataweza kusema: lakini Kiswahili hakikuwa na kazi, sasa mtu afanye nini? Usemi huu tunausikia Oman, Ulaya, na hata Dar es Salaam, na tunaupokea kama ukweli wa kimaumbile. Tuupime kwa kisa cha Berlin.

Mwaka 1887, miaka miwili baada ya Ujerumani kutangaza himaya yake Afrika ya Mashariki, ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa, na Carl Büttner alikuwa mwalimu wake wa mwanzo. Walioketi madarasani walikuwa vijana waliojiandaa kuwa maofisa wa koloni, wafanyabiashara na wamisionari. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kigeni ya chuo kikuu yenye kazi za uhakika, pengine zenye uhakika kuliko za Kijerumani kwa mwanafunzi wetu wa leo. Na matamshi, mazungumzo na ufasaha walifundishwa na nani? Walifundishwa na wasaidizi walioletwa kutoka kwetu. Mmoja wao, katika miaka ya mwanzo ya 1890, alikuwa Amur bin Nasur, Mzanzibari mwenye nisba ya Kiomani, ambaye aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake Berlin. Maandishi yake yalichapishwa katika mkusanyo wa Büttner wa mwaka 1894. Mwingine alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika mwaka 1900, na ambaye ndiye mwandishi mkuu wa maelezo yaliyomo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten.

Mtoro alikijua Kiswahili kuliko kila aliyekuwamo katika jengo lile. Hata hivyo cheo chake kilibaki cha msaidizi, na ujuzi wake ukatoka chini ya jina la mwingine. Alimuoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipojaribu kurejea nyumbani pamoja na mkewe, wakuu wa koloni waliwazuia. Alirudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Wanafunzi wake walivuka bahari kwenda kutawala kwa lugha yake. Yeye mwenyewe alikatazwa kuivuka kwenda kukaa na watu wake.

Kisa hiki kinatufundisha kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote wa kazi. Kazi zilikuwapo, ila zilikuwa za wengine. Lugha ile ile, mwaka ule ule, jengo lile lile, ilikuwa ngazi kwa mmoja na zulia kwa mwingine. Kwa hiyo tukimwambia kijana kwamba lugha fulani haina kazi, tunamwambia jambo linalohusu uamuzi wa wenye nguvu huku tukilivisha vazi la jambo linalohusu lugha. Maamuzi hayo hubadilika. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957 na ya Deutsche Welle mwaka 1963, na zote mbili zimelisha familia nyingi za waandishi na wafasiri wetu. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Kwa upande wa pili, karani wa Tanga aliyejivunia Kijerumani chake mwaka 1913 alikiona kikipoteza bei ndani ya miaka michache ya vita. Na mwaka 2008 Rwanda ilipoamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, walimu waliosomea Kifaransa maisha yao yote walijikuta ghafla wakiwa wanafunzi. Anayechagua lugha kwa kulitazama soko tu anapanda mbegu kwa kuitazama hali ya hewa ya siku moja.

Je, hii ina maana kwamba tuziache lugha za kigeni tukafungie milango? Hasha. Waswahili wana methali nyingine, iliyo na hekima zaidi kuliko ile ya asili na utumwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni katika methali hii hachukui nafasi ya mwenyeji. Kuja kwake ndiko kunakomponya. Tena lipo sharti ambalo methali hailitamki kwa sababu inalichukulia kuwa liko wazi: ili apone, mwenyeji lazima awe bado yumo nyumbani. Mgeni akikuta nyumba tupu, hakuna wa kuponywa.

Mfano mzuri kuliko yote wa methali hii unaihusu Adam yenyewe. Mwaka 1844 alizaliwa Unguja Sayyida Salme, binti wa Said bin Sultan, yaani kitukuu cha yule Ahmad bin Said wa Adam. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alipoolewa na Heinrich Ruete na kuhamia Hamburg mwaka 1867, alilazimika kujifunza Kijerumani akiwa mtu mzima. Miaka mitatu tu baadaye mumewe alifariki, akamwachia watoto watatu wadogo, na katika miaka ya dhiki iliyofuata alitafuta riziki kwa kufundisha Kiarabu. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Yeyote anayetaka kujua watoto wa jumba la Mtoni walivyolelewa, wanawake walivyosoma, walivyougua na walivyofanya siasa, hana njia ya kukikwepa kitabu hicho. Lugha ya kigeni ndiyo iliyoihifadhi nyumba. Lakini iliihifadhi kwa kuwa mwandishi alikuwa bado anaijua nyumba yenyewe kwa lugha zake mbili za utotoni. Angaliingia katika Kijerumani akiwa amekwisha kuzisahau, angeandika nini?

Sasa turudi kwa mwanafunzi wa Adam na swali lake. Tuchukulie kwamba amechagua Kijerumani, kwa sababu ameona watalii wa Kijerumani wakimiminika Nizwa na Jabal Akhdar kila majira ya baridi, na anajua kwamba kiongozi wa watalii anayekimudu Kijerumani hakosi kazi. Ni sababu halali. Lakini katika soko hilo atashindana na kila mwenye Kijerumani, na hivi karibuni atashindana na simu inayotafsiri papo hapo. Hebu tuongeze kwenye Kijerumani chake vitu viwili ambavyo hakuvilipia ada: Kiarabu cha nyumbani na Kiswahili cha bibi yake. Ghafla amekuwa mmoja wa watu wachache mno duniani wanaoweza kumsoma Salme katika lugha aliyoandikia, wakamsoma Amur bin Nasur katika Kiswahili chake, na wakazisoma barua za Kiarabu zilizokuwa zikienda na kurudi baina ya Oman na Unguja. Sisi tuliosomea ughaibuni tunajua uchache huo una maana gani. Miswada ya Kiswahili cha mababu zetu imelala London na Hamburg. Aghalabu aliyekuja kuisoma anakosa lugha moja au mbili kati ya hizo. Nyaraka, makumbusho, mahakama, vyombo vya habari, ubalozi, bandari na biashara baina ya Ghuba na Afrika ya Mashariki zote zinamhitaji mtu wa namna hiyo. Lugha ya kigeni hulipa vizuri zaidi, kwa maana zote mbili za kulipa, pale inapomkuta mtu ambaye hajaiuza ya nyumbani ili kuinunua.

Katika kazi hizo mna jambo jingine ambalo mitaala yetu hulitaja kwa nadra. Mkalimani na mfasiri husimama baina ya watu wawili ambao hakuna kati yao anayeweza kumhakiki. Mgonjwa hajui daktari ameambiwa nini. Mshitakiwa hajui hakimu amesikia nini. Kwa hiyo kazi ya lugha, kabla ya kuwa ujuzi, ni amana. Na amana hii hujifunzwa vizuri na yule aliyewahi kukalia upande wa asiyeeleweka. Mtoto aliyemfasiria bibi yake katika hospitali au katika ofisi ya serikali, akaona jinsi neno moja lililopunguzwa linavyompunguza mtu mzima, amekwisha kupata somo ambalo chuo kikuu hakijui kulifundisha. Mashine inaweza kumzidi kwa msamiati. Haiwezi kuwajibika, wala kuona haya ikimkosea mzee wa watu.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni zito. Si dhuluma kumtwika kijana wa miaka 19, anayetafuta kazi, mzigo wa kuhifadhi lugha ambayo wazazi wake, jamii yake na vyuo vyake vimeiacha? Ni dhuluma, endapo tutamwachia peke yake. Deni hili kwanza ni la taasisi. Chuo kinachofundisha Kijerumani kwa vijana ambao nyumbani kwao husemwa Kiswahili, na kisiwape nafasi hata ya kozi moja ya Kiswahili, kimeitupa hazina iliyoingia darasani bila ya kuagizwa kutoka ng’ambo. Vyuo vya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi vina walimu, vitabu na mitaala. Makubaliano na vyuo vya Oman yasingehitaji fedha nyingi. Deni la pili ni letu sisi walimu, ambao huwashauri wanafunzi kwa kuwasomea orodha ya ajira bila ya kuwaeleza nani aliiandika orodha hiyo na kwa manufaa ya nani. Deni la kijana mwenyewe ni la tatu, na ni dogo: asilipie alichochagua kwa kitu ambacho na watoto wake watakuwa na haki nacho.

Dogo, lakini lina tarehe ya mwisho, na hapa lugha zake mbili hazilingani. Kijerumani hakiendi popote. Asipokisoma mwaka huu atakisoma mwakani, au akiwa na miaka 30 kwa masomo ya jioni; vitabu vipo, kaseti zipo, walimu wapo kwa maelfu. Kiswahili kinachosemwa katika nyumba za Adam na Ibra, chenye maneno ya Unguja ya kabla ya 1964 yaliyokwisha kupotea hata huko Unguja, kimo vinywani mwa wazee wachache, na hakuna chuo kitakachoweza kukirudisha wakishaondoka. Kwa hiyo mwanafunzi anaponiuliza, “Mwalimu, nisome lugha gani?”, humwambia asome ile itakayompatia kazi, asione haya, na aisome mpaka aimudu. Kisha humuuliza bibi yake ana umri gani, na kama jioni ya leo yupo nyumbani.